Nanunua mashine ya kukatia vitambaa vya kwilti, au nibaki na kisu na rula? Naombeni ushauri wa kina

Kipande kwa Kipande (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa sindano na uzi, poleni na majukumu.

Kwa muda sasa nawaza kununua ile mashine ya kukatia vitambaa yenye rola mbili. Unatandaza kitambaa juu ya kibao chenye visu, unafunika na mkeka wa plastiki, unazungusha mkono, kinatoka upande wa pili kimeshakatwa. Nimeangalia video nyingi na kila moja inanizidishia hamu, ndiyo maana nimeona niulize wanaoitumia kabla sijatoa hela.

Hali yangu ni hii. Nashona kwilti za kitandani, yaani mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, karibu zote za miraba na pembetatu. Kushona nakupenda mno. Kukata ndiko kunakonimaliza: nikishakata kwilti moja kubwa, kifundo cha mkono wa kulia kinauma na kidole gumba kinakufa ganzi. Na nimewaahidi watoto wote wa ndugu zangu kila mmoja apate kwilti yake, pateni (mchoro wa kukatia na kushonea) ile ile, rangi tofauti. Kwa hiyo kazi ya kukata iliyo mbele yangu ni kubwa.

Nataka kujua: inaokoa muda kweli? Kitambaa kinapotea kiasi gani? Vibao vingapi vinatosha kuanzia? Na kwa mkono unaouma, inasaidia au inahamisha maumivu tu?

Nawasilisha.

Pindo Refu

Nunua dada. Mimi siku hizi kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaoviringika, nakigusa kwa nadra. Pembetatu zinatoka zote sawa, hata ukizipanga hamsini huoni moja iliyozidi.

Fundi Rula

Dada, naomba uende taratibu kidogo. Siipingi mashine, ila watu huzungumzia muda na kusahau kitambaa.

Chukua mraba wa inchi 4½, ule unaobaki inchi 4 ukishashonwa, maana mshono unakula robo inchi kila upande. Kwenye kibao, kitambaa lazima kifunike visu vyote na kizidi kama robo inchi kila upande. Maana yake kila mraba unakula inchi 5 kwa 5. Sasa kitambaa cha upana wa inchi 44, ukitoa kingo mbili za kiwandani, unabaki na kama 42. Kwa kisu na rula, ukanda wa inchi 4½ unatoa miraba 9. Kwa kibao, ukanda wa inchi 5 unatoa 8. Kwilti ya miraba 180: kwa rula unahitaji kanda 20, jumla inchi 90, yaani yadi mbili na nusu. Kwa kibao unahitaji kanda 23, jumla inchi 115, zaidi ya yadi tatu. Inchi 25 za kitambaa zimekwenda, na hilo ni umbo rahisi kuliko yote.

Umbo likiwa dogo ndiyo mbaya zaidi. Mraba wa 2½ ukikatwa peke yake unakula 3 kwa 3. Hapo karibu theluthi ya kitambaa inaishia kuwa chengachenga.

La pili: kibao ni umbo moja kwa saizi moja. Kibao cha pembetatu ya inchi 4 hakikupi pembetatu ya inchi 3 hata ukikibembeleza. Rula yangu moja inakata saizi yoyote nitakayotaka leo jioni. Mashine unainunua mara moja, vibao unanunua kila ukipenda pateni mpya. Hela inaishia huko.

La tatu: mikeka. Ile plastiki ya juu ndiyo inayopokea makali ya kisu kila unapopitisha. Inachimbika, inapinda, na siku moja inakuwa haikati tena mpaka ununue mwingine.

Kabla hujanunua chochote, badilisha wembe wa kisu chako. Wembe uliochoka unakufanya ukandamize, na kukandamiza ndiko kunakoumiza kifundo. Halafu angalia meza. Meza fupi unainama na kusukuma kwa bega, na meza ndefu kifundo kinapinda. Iwe karibu na usawa wa nyonga. Ukiwa unatumia kisu cha milimita 45, jaribu cha 60, kinapita tabaka nyingi kwa nguvu ndogo. Kisu hiki kimetusogeza mbali tangu kampuni ya OLFA ya Japani ilipokitoa mwaka 1979. Kabla ya hapo ilikuwa mkasi na chaki.

Mama Sindano

Wanangu, hamjambo. Fundi Rula hesabu zake ni za kweli, nazikubali zote. Lakini amepita juu juu kwenye jambo alilolisema binti mwenyewe, mkono.

Kwanza hiyo ganzi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi inatokana na neva kubanwa pale kwenye kifundo. Nenda kwa daktari, usingoje mashine. Hakuna kwilti inayostahili mkono wako.

Pili, mashine. Kisu cha gurudumu kinakutaka ukandamize rula kwa mkono mmoja na usukume kisu kwa mwingine, mstari kwa mstari. Mashine inakuondolea yote mawili, inabaki kuzungusha mkono wake. Lakini hiyo nayo ni nguvu, na watu hawalisemi hili. Ukiweka tabaka sita za pamba, kuna sehemu ambapo kisu kirefu kinaingia chini ya rola chote kwa pamoja, hapo mkono unakaza kwelikweli. Tabaka nne, unazungusha bila kukunja uso. Kwa hiyo ukisikia tangazo linasema tabaka sita, jua ndiyo mwisho wake, silo agizo. Wenye maumivu sugu wanachukua ile ya umeme ya kubonyeza kitufe. GO! Big ya kampuni ya AccuQuilt ni ya aina hiyo.

Tatu, usahihi, na hapa ndipo mimi niliposhikwa moyo. Mnajua pembetatu zinazozaliwa kwa kukata mraba katikati kwa hanamu. Ukitaka pembetatu itakayobaki inchi 4, pateni inakwambia kata mraba wa 4⅞. Hiyo ⅞ ni makadirio. Hesabu kamili ni kama 0.854, na ⅞ ni 0.875, kwa hiyo kila kipande kinazaliwa kikubwa kidogo, ndiyo maana wengi wetu tunashona kisha tunarudi kupunguza. Kibao kinakata umbo lenyewe, na ncha zile mbili kali zimeshakatwa butu. Unapopanga pembetatu mbili kushona, ncha butu zinakutana sawasawa, hujiulizi hii ianzie wapi. Kwa kwilti ya pembetatu tupu, hiyo peke yake imenirudishia jioni nyingi.

Na ukubwa ukikosewa haubaki mdogo. Kila kipande kikizidi kwa 1/16 ya inchi, safu ya vipande 16 inazidi kwa inchi nzima. Ndipo unakuta safu hazikutani na unaanza kuvuta kitambaa kwa mkono.

Kipande kwa Kipande

Shikamoo Mama Sindano. Asante sana, la daktari nimelipokea kwa uzito wake. Fundi, wembe nimebadilisha baada ya kusoma maneno yako, na tofauti ipo, siwezi kukataa. Kukandamiza kumepungua. Ila gumba bado.

Hanamu

Naongezea upande wa utendaji, maana mashine inaweza kukupa vipande vibaya vilevile kama hujui kitambaa kinavyotembea ndani yake.

Rola zinavuta. Kitambaa cha pamba kinanyumbuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kwa hiyo ule urefu, yaani uzi unaokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, ndio uelekee kwenye rola. Ukigeuza, mraba unatoka umenyooshwa kidogo kama mstatili. Wengi wakiona hivyo wanasema kibao ni kibovu, kumbe ni mwelekeo wa uzi.

Kisu kirefu kikiwa sambamba na rola, kinaingia chote kwa mpigo mmoja. Mashine inagoma na kitambaa kinasukumwa. Kama mashine yako ina upana wa kutosha, kiweke kibao kikae hanamu kidogo, kisu kiingie kwa ncha kwanza. Hapo ndipo penye lile kaza analosema Mama.

Piga pasi kabla. Wanga kidogo unasaidia sana kwa vitambaa laini. Usifunike kibao kizima, funika visu tu. Kunja kitambaa kwenda na kurudi kwa upana wa umbo, usirundike vipande kimoja kimoja. Batiki iliyosukwa kwa kubana, flaneli na kitambaa cha jinzi, punguza tabaka. Mkeka ugeuze kila unapopitisha, uso wa juu uwe wa chini, na uuzungushe pia, ndiyo dawa ya kupinda na ya kuchimbika mahali pamoja. Nyuzi zitanasa pembezoni mwa visu kati ya chuma na ile sponji, zitoe kwa pini, usiingize kidole. Visu vinakaa chini ya usawa wa sponji, unavisahau, ila vipo.

Na kwa Fundi Rula, kwa heshima: hesabu yako ni ya umbo moja kwa kibao kimoja. Kuna vibao ambavyo maumbo yameshikana, kisu kimoja kinatenganisha vipande viwili. Hapo kinachopotea ni cha pembezoni tu. Na vibao vya kanda za 2½ vinapoteza kidogo sana, unakunja kitambaa na kukata kanda kadhaa kwa mkupuo.

Fundi Rula

Hanamu, nakubali kwa kanda na maumbo yaliyoshikana. Kwa pembetatu kubwa na kwa mapindo marefu ya kuzungushia kwilti, bado hesabu yangu inasimama. Pindo la inchi 6 kwa urefu wa kitanda hulikati kwenye kibao, utarudi kwenye rula tu. Kwa hiyo mtu asidhani anauza kisu na mkeka wake siku mashine inapofika.

Mpya wa Mishono

Samahani kuingilia. Kuna hizi mashine zinazoendeshwa kwa kompyuta au simu, unachora umbo lolote zinakata. Kwa nini mtu anunue vibao vya umbo moja moja wakati hizo zipo? Cricut Maker kwa mfano.

Hanamu

Swali zuri. Cricut Maker ilitoka 2017 na kisu kidogo cha kuzunguka kilichoiwezesha kukata kitambaa bila kukibandika kwanza karatasi nyuma. Brother ScanNCut yenyewe inasoma umbo ulilochora kwenye karatasi na kulikata. Kwa maua, herufi, majani, nakshi za kubandika, hizo ni hodari kuliko kibao chochote, kwa sababu umbo linatoka kichwani mwako.

Ila zinakata tabaka moja. Kitambaa kinabandikwa kwenye mkeka wenye gundi wa inchi 12 kwa 12 au 12 kwa 24, kisu kinafuata mstari taratibu, unabandua, unabandika kingine. Jaribu kufikiria miraba 180 kwa mwendo huo. Mraba wa 4½ unaingia mara 4 tu kwenye mkeka wa 12 kwa 12, kwa hiyo unabandika na kubandua mara 45. Na ule mkeka ukishika vumbi la pamba, gundi inachoka.

Kwa mwenye uzi huu, mwenye pateni moja inayojirudia, mimi ningesema vibao. Kwa mtu anayebuni kitu kipya kila wakati, hizo za kompyuta.

Mama Sindano

Nimependa alivyotenganisha. Binti, turudi kwako. Acha video kando. Chukua kwilti zako za karibuni na hizo ulizoahidi, uandike kila umbo na saizi yake, na ni vipande vingapi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia, siyo sisi. Mtu ambaye orodha yake ina maumbo ishirini, kila moja vipande vichache, mashine itamfilisi kwa vibao. Mtu ambaye maumbo matatu yanabeba karibu kazi yote, huyo mashine imetengenezwa kwa ajili yake.

Kipande kwa Kipande

Nimefanya, Mama. Nimetoa pateni zote na kuzipanga mezani.

Kwilti za watoto wote: bloku (ule mraba mkubwa unaojirudia kwenye kwilti) ya inchi 8 ikishashonwa. Ndani yake mraba wa 4½, mraba wa 2½ na pembetatu ya kubaki inchi 4. Nikijumlisha kwilti zote, pembetatu peke yake ni zaidi ya nusu ya vipande vyote. Kisha kuna kanda za 2½ za kuzungushia ukingo. Pateni nyingine ninazopenda zina nyota za bloku iliyogawanyika tatu kwa tatu, na moja ina mikunjo ya duara, ila hizo nashona mara mojamoja.

Mama Sindano

Sasa tunaongea. Bloku yako ya inchi 8 imegawanyika nne kwa nne, kila chumba inchi 2. AccuQuilt wana seti wanayoiita Qube, vibao 8 vinavyoendana kwa saizi moja ya bloku. Ya inchi 8 ina mraba wa 4½, mraba wa 2½, pembetatu ya inchi 4, pembetatu ya inchi 2, ile pembetatu pana inayokatwa robo ya mraba, mstatili, mraba wa kukaa kwa pembe na msambamba. Vyote vinashonana bila wewe kupiga hesabu.

Lakini usinunue seti kwa sababu ni seti. Kwenye orodha yako umetaja vitatu tu. Hizo nyota za tatu kwa tatu hazitoki humo, 8 haigawanyiki kwa 3. Utajikuta na seti nzima na bado nyota zako unazikata kwa rula.

Jambo lingine: pateni nyingi zimeandikwa kwa watu wa rula. Zitakwambia kata 4⅞, na kibao chako hakina 4⅞ popote, kimeandikwa inchi 4 ya kubaki. Usishtuke. Toa ⅞ kwa pembetatu za kukatwa nusu, toa 1¼ kwa zile za kukatwa robo, toa ½ kwa miraba na mistatili. Unachobaki nacho ndicho cha kutafuta kwenye kibao.

Fundi Rula

Kwa orodha hiyo, hata mimi nalainika. Pembetatu zaidi ya nusu, saizi moja, kwilti baada ya kwilti. Hapo mashine ina kazi.

Masharti yangu mawili tu. Nunua vibao vya pembetatu ya 4 na kanda za 2½. Mraba wa 4½ kata kwa rula, kwa sababu ndio unaokula kitambaa na ndio rahisi kuliko vyote kukata kwa mkono. Mraba wa 2½ usiununulie kibao, utaupata kwa kukata vipande vipande ukanda ule ule wa 2½. Pili, angalia upana wa mashine. Zipo ndogo zinazopokea vibao vya inchi 6 hivi, zipo za inchi 10. Ndogo inapendeza kubeba, lakini vibao vingi vya kanda na vile vyenye maumbo mengi kwa pamoja havipiti. Na usichanganye vibao vya kampuni moja na mashine ya kampuni nyingine bila kuhakikisha unene, maana rola zimepangwa kwa unene maalumu.

Pindo Refu

Hoja ya mraba wa 2½ kutoka kwenye ukanda, naiunga mkono. Ndivyo ninavyofanya.

Kipande kwa Kipande

Nimepata nafasi ya kuijaribu ya mwenzangu wa kushona, ya kuzungusha kwa mkono, upana wa inchi 10. Nimeleta kitambaa changu mwenyewe nilichokipiga pasi na wanga, nimekielekeza urefu kwenye rola kama Hanamu alivyosema.

Tabaka sita: imekata, ila lile kaza nimelisikia mpaka begani. Tabaka nne: nimezungusha kwa mkono wa kushoto, bila shida. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwamba naweza kutumia mkono mzima na kuupumzisha unaouma. Kwa kisu cha gurudumu, mkono wa kushoto hauninyooshei mstari.

Pembetatu nimezishona nne palepale. Ncha butu zimekutana, nimepiga pasi, nimepima: mraba umetoka 4½ kila upande bila kupunguza. Nikachanganya na moja niliyokata kwa rula, ya rula ikatoka imezidi kidogo. Kwa hiyo ndani ya kwilti moja sitachanganya, pembetatu zote zitatoka kwenye kibao.

Daktari ameniona pia. Amenipa mshipi wa kufunga kifundo usiku na amenikataza kukata kwa muda mrefu bila kupumzika.

Uamuzi: nachukua ya mkono ya inchi 10, kibao cha pembetatu ya 4, kibao cha kanda za 2½, na mkeka mmoja wa akiba. Miraba ya 4½ nabaki na rula. Nyota na duara zisubiri. Swali moja limebaki: nikate kwilti zote kwa pamoja au moja moja?

Hanamu

Moja moja. Kata ya kwanza, shona bloku mbili, pima, ndipo uendelee. Cherehani yako nayo lazima ipige mshono wa robo inchi sahihi, la sivyo vipande vizuri vitashonwa vibaya. Shona kanda tatu za 2½ pamoja kwa urefu, piga pasi, pima ile ya katikati. Ikiwa inchi 2 kamili, cherehani iko sawa. Ikipungua, mshono wako ni mpana, sogeza kitambaa au sindano kidogo mpaka ikae.

Mama Sindano

Na utuletee picha ya ya kwanza, binti. Pole na mkono.